Apdeti Iliyoanza Mgonjwa Akiwa Mezani

Juzi kijana mmoja wa hapa Lodwar, mwenye kompyuta mgongoni na nyaya masikioni, alisikia kwamba kabla ya kustaafu nilikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali. Akaniuliza kwa adabu, "Kwani Mama Ekai, wakati wako kulikuwa na kompyuta Turkana?" Nikamwambia zilikuwapo, na vumbi lililozikalia lilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye. Akacheka, kisha akauliza swali la maana zaidi. Alikuwa anataka kununua kompyuta, na akataka kujua: kati ya Windows, Mac na Linux, ipi ukiiapdeti haikuangushi?

Alitaka jibu la neno moja. Nyinyi vijana mnapenda majibu ya neno moja, halafu kompyuta ikigoma mnanipigia simu ya nusu saa. Nilishindwa kumjibu pale barabarani, jua likitupiga. Kwa hiyo ninaandika, na wewe unayesoma huku apdeti yako ikikungoja kwa wiki ya tatu, haya yanakuhusu.

Nilifundishwa kazi na Bwana Otieno, aliyetoka Kisumu kuja kufanya kazi hapa kwa muda mfupi. Joto lilimshinda kila siku, na kila siku akabaki, hadi akazeekea hapa. Enzi zake apdeti haikuja kwa hewa. Ilikuja kwenye diski, diski zikaja kwa lori kutoka Kitale, na lori lilikuwa na mambo yake. Siku moja alisafiri nazo mwenyewe, na pale kwenye kizuizi cha barabarani Kainuk askari akamuuliza mfuko ule una nini. Akajibu, "Dawa za kompyuta." Askari akazitazama diski kwa makini, akauliza kama kuna yoyote inayoweza kutibu redio yake, kisha akampisha.

Bwana Otieno hakuwa na mihadhara. Akikuona umeshika kipanya na uko tayari kubonyeza, alikuuliza swali moja tu kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: "Ikikataa, utarudi kwa njia gani?" Ukikosa jibu, alikuondoa kwenye kiti. Niliondolewa kwenye kiti mara nyingi hadi kiti kikazoea kuuona mgongo wangu ukiondoka.

Sasa niwaambie habari ya Ewoi, kwa sababu ndani yake mifumo yote mitatu iliapdetiwa, na kila mmoja ulionyesha tabia yake.

Hospitali yetu ilikuwa Lodwar, na ilikuwa na kliniki ndogo Kakuma. Kliniki ile ilikuwa na mashine ya eksirei iliyotegemea kompyuta ya Windows, kwa sababu programu ya mashine ile haikukubali mfumo mwingine. Aliyeiendesha alikuwa Bahati, mtaalamu wa eksirei kutoka upande wa Bukavu, Kongo, aliyekuwa ameishi Kakuma miaka mingi. Bahati alipiga picha, akazituma kwa mtandao hadi Lodwar, na Daktari Nafula akazisoma. Daktari Nafula alikuwa na Mac, na aliipenda kama watu wengine wanavyopenda gari. Mimi ofisini nilikuwa na kompyuta ya zamani niliyoiwekea Linux baada ya wengine kutaka kuitupa.

Tulitaniana sana kwa ajili ya vyombo hivi. Mimi nilimwambia Bahati kwamba Windows yake ni kama mgeni anayekuja wakati wa chakula na kuhamisha viti. Daktari aliniambia Linux yangu ni jiko la kuni, na kwamba najivunia moshi. Jumatatu ya wiki ile aliyoumia Ewoi alikuwa ameingia ofisini kwangu akitamba kwamba Mac yake imepokea toleo jipya kabisa. Alibonyeza mara moja, akaenda kuchemsha chai, akarudi ikiwa tayari na picha mpya ya milima. "Hiyo ndiyo apdeti," aliniambia. "Wewe yako unaandika amri kama karani wa mahakama."

Ni kweli Mac huenda hivyo. Aliyeitengeneza kompyuta ndiye aliyetengeneza mfumo, na kila kitu huja kama mzigo mmoja uliofungwa vizuri.

Huko Kakuma mambo yalikuwa tofauti. Upepo mkali ulikuwa umeangusha dishi la intaneti, na kliniki ikakaa muda mrefu bila mtandao wa maana. Picha zililetwa Lodwar kwa flashi, kwa gari lolote lililokuwa linakuja. Hatimaye fundi wa madishi alikuja, akalisimamisha dishi, akajaribu, likashika vizuri sana, akapokea shukrani na kuondoka. Kompyuta ya eksirei ikaona mtandao. Kila apdeti iliyoikosa miezi yote ile ikaanza kuteremka kimyakimya, ikajipanga ndani, ikasubiri nafasi.

Siku iliyofuata, Ewoi akaletwa. Ewoi alikuwa dereva wa lori aliyepeleka maharagwe Lokichoggio. Alisimama Kakuma kufunga turubai vizuri, akapanda juu ya magunia, kamba ikakatika, akaanguka kwa mgongo na kichwa. Wenzake walikuwa na akili. Hawakumkalisha. Walimlaza juu ya mlango wa duka na kumbeba hadi kliniki.

Bahati alimvisha kola ya shingo na kumpiga picha akiwa amelala. Picha zilikuwa zimeingia kwenye kompyuta, bado hazijatumwa, pale kisanduku kilipotokea kwenye skrini kikisema mashine itajizima na kuwaka upya ili kumaliza apdeti. Kulikuwa na kitufe cha kukataa. Lakini mikono yote miwili ya Bahati ilikuwa imeshika kichwa cha Ewoi wakati watu wanamrudisha kwenye kitanda, na kichwa cha namna ile hakiachiliwi ili mtu akabonyeze kitufe. Muda ukaisha. Kompyuta ikajizima.

Akanipigia simu. "Mama, leo haiko muzuri. Mashini imejifunga yenyewe. Picha ziko ndani."

"Imeandika nini?"

"Inasema usizime. Iko namba, na kaduara kanazunguka."

"Basi usizime."

"Mama, ndugu za mugonjwa wako hapa. Wanasema tuzime, tuwashe. Kila mutu iko na dawa yake."

Hapa nyinyi wenye haraka mnisikilize. Apdeti ikiwa katikati, kompyuta ni kama familia inayohama. Vyombo vingine vimeshapakiwa juu ya punda, vingine bado viko kwenye boma la zamani, na mtoto mmoja haijulikani yuko wapi. Ukikata umeme wakati huo, unaweza kuamka huna boma la zamani wala jipya. Nilimwambia Bahati awaeleze hivyo ndugu wa Ewoi. Kwa wafugaji huhitaji kueleza mara mbili. Waliacha kudai izimwe, na mmoja wao akaenda kusimama kando ya soketi kuilinda asije mtu akaigusa.

Eksirei ya siku hizi haina filamu ya kuinua dirishani. Picha inaishi ndani ya kompyuta, na kompyuta ikifungwa mashine nzima ni meza tu. Nilimwita Daktari Nafula.

Alikuja na Mac chini ya kwapa, na mzaha haukuwamo usoni. Aliniambia kuna ndege ya wagonjwa iliyokuwa Lokichoggio ikimpakia mtu mwingine. Ingeweza kutua Kakuma na kumchukua Ewoi hadi Eldoret, lakini rubani alitaka kauli ya daktari kwamba ni lazima, kwa sababu alihitaji kufika kabla ya giza. Kwa upande mwingine, ndugu walikuwa na gari tayari, wakitaka kumleta Lodwar. Kama ni misuli ya shingo tu iliyokaza, gari lilitosha. Kama mfupa ulikuwa umevunjika, kumtikisa njiani kungeweza kumwacha bila mikono na miguu, au kumuua.

"Bila picha nabahatisha," alisema. "Na sitaki kubahatisha na shingo ya mtu."

Wakati tunangoja, alitaka ajiandae. Akafungua Mac yake, akabonyeza ile programu ya kusomea picha za eksirei. Haikufunguka. Akabonyeza tena. Skrini ikamwambia kwa upole kwamba programu ile haiwezi kutumika katika toleo hili jipya. Mfumo wenyewe ulikuwa umeapdetiwa vizuri bila kasoro, ila programu ya zamani ilikuwa imeachwa nyuma ya mlango.

Akanitazama. "Usiseme kitu."

"Sijasema."

"Unasema kwa macho, Mama Ekai."

Nikampisha kiti changu. Linux yangu ilikuwa na programu ya kusoma picha zilezile, na nilikuwa nimeiapdeti asubuhi ileile nikiendelea na kazi, bila kuizima. Msidhani nilikuwa mtakatifu. Linux nayo ilishaniaibisha. Kuna mwaka umeme ulikatika nikiwa naapdeti kiini cha mfumo, ikawaka na skrini nyeusi yenye maandishi meupe kama hati ya kufukuzwa kazi. Kilichoniokoa ni kwamba Linux huhifadhi kiini cha zamani. Unapoiwasha unaonyeshwa orodha, unachagua cha jana, na maisha yanaendelea. Mara nyingine apdeti ilimeza waifai, na ikabidi niazime waya kwa Daktari, naye hakuacha kunikumbusha hadi nilipostaafu.

Simu ya Kakuma ililia tena, nikaiweka kwenye spika ili Daktari naye asikie. Kliniki ile iliendeshwa kwa sola, na betri zake zilikuwa zimechoka. Kisanduku cha betri kilichoshikilia kompyuta kilikuwa kimeanza kupiga kelele.

"Zima kila kitu kingine," nilimwambia Bahati. "Feni, taa, simu za watu zinazochaji, mashine yenyewe ya eksirei. Friji ya chanjo iache."

"Nimeshazima, Mama. Batu wanalia juu ya simu zao. Jenereta iko, lakini haiko na mafuta."

Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamume ikisema kitu kwa Kiturkana, taratibu. Ilikuwa ya Ewoi. Alikuwa anawaambia wenzake wavute dizeli kutoka kwenye lori lake. Bahati akamwekea simu sikioni.

"Wewe ndiye mama wa kompyuta?" akauliza.

"Ni mimi. Unajisikiaje, baba?"

"Mikono ina sisimizi. Sasa shingo yangu inangoja kompyuta?"

"Inangoja. Usiitikise ukinijibu."

"Nilikuwa nataka kutikisa kichwa kukubali."

"Kubali kwa mdomo."

"Nimekubali," akasema. Kisha akawaambia wale wenzake, nami nikasikia, "Msimalize yote. Maharagwe bado yanaenda Loki."

Niliposikia habari ya sisimizi mikononi, dalili kwamba mishipa ya fahamu imeguswa, nilimtazama Daktari. Alikuwa amesikia. Alisimama akaenda dirishani, akarudi, akakaa. Jenereta ilinguruma upande wa pili wa simu, na kelele za kisanduku zikaisha. Ile namba kwenye skrini ilikuwa imesimama pale pale, haipandi. Rubani alipiga simu kwa Daktari kuuliza. Daktari akamwomba angoje kidogo, na baada ya kukata akaniuliza, "Kuna kitu unaweza kufanya kutoka hapa?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Kungoja ndiyo kazi yenyewe, Daktari. Leo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya hapa."

Nilikuwa nimeanza kuwaza namna ya kuitoa ile diski ndani ya kompyuta na kuileta Lodwar kwa gari, na nikajua hata hilo lingechukua muda ambao Ewoi hakuwa nao.

Ndipo Bahati akasema, "Mama, namba imeondoka. Inaandika kingine. Inasema haikuweza kumaliza, iko narudisha vile ilikuwa."

"Hiyo ni mbaya au nzuri?" Daktari akauliza.

"Ni nzuri ikimaliza," nikamjibu.

Ilijizima. Ikawaka. Ikajizima tena. Kisha ikawaka na kuomba neno la siri, kwa utulivu, kama mtu aliyetoka kujinyoosha nje. Windows niliyoitania miaka mingi ilikuwa imegundua kwamba apdeti imekwama, ikaikunja yote, ikarudi ilivyokuwa asubuhi.

"Picha ziko," Bahati akasema. "Zote."

"Kabla hujazigusa, ingia kwenye mipangilio, ahirisha apdeti. Usiniulize mpaka lini. Mpaka mwisho wa pale inapokubali."

"Nimeahirisha."

"Weka nakala kwenye flashi. Halafu tuma."

Picha zilikuja polepole, moja baada ya nyingine. Daktari Nafula alikaa kwenye kiti changu na kusogeza uso karibu na skrini. Alipokuwa anafungua ya kwanza alinung'unika kwamba maandishi ya kompyuta yangu yalichorwa na mtu mwenye hasira. Kisha akafungua ya pili. Akaikuza, akairekebisha mwanga, akaweka kidole karibu na skrini bila kuigusa.

"Huu umevunjika," akasema. "Na bado haujasogea. Yule aliyemlaza juu ya mlango apewe asante." Akachukua simu. "Bahati, asikalishwe. Gari liende zake. Mfunge kichwa pande zote mbili, umpeleke uwanja wa ndege akiwa juu ya mlango uleule." Kisha akampigia rubani.

Ndege ilitua Kakuma jua likiwa bado lipo. Ewoi alifika Eldoret, akawekewa chuma shingoni, na wiki hiyo tukapata habari kwamba anasogeza vidole vyote. Daktari ndiye aliyeniletea habari hiyo. Alisimama mlangoni, akasema, "Vidole vyote," akarudi wodini. Mimi nikafunga mlango wa ofisi na kulia kidogo.

Baada ya siku ile tulibadilisha utaratibu, na huu ndio ujuzi ninaotaka mbaki nao. Kompyuta ya eksirei ikawa na siku yake ya apdeti, siku ambayo Bahati alituma kwanza kila picha, akachukua nakala nzima ya mashine kwenye diski ya nje, akajaza jenereta, ndipo akabonyeza. Siku nyingine zote ilikuwa haipokei kitu. Daktari naye alitafuta fundi akairudisha Mac kwenye toleo la zamani, na tangu hapo hakupandisha toleo hadi waliotengeneza programu yake waseme wako tayari. Alikuwa anangoja kwa uchungu, maana ile milima ilikuwa mizuri kweli.

Sasa wewe kijana uliyeniuliza barabarani. Windows inaendeshwa kwenye mashine za kila aina, mpya na kuukuu, kwa hiyo apdeti zake ni nyingi na hukutana na mengi ya kukwaruzana nayo. Ipangie saa zako za kazi, usiiachie ichague yenyewe, na ikianza iache imalize au irudi. Imejifunza kurudi, na mimi nina sababu ya kuiheshimu kwa hilo. Mac itakupitisha bila tabu, ila uliza kwanza ipi kati ya programu zako itaachwa njiani, na ujue kompyuta ikizeeka itafika siku iambiwe apdeti mpya si zake. Linux inakuachia uamuzi wote. Chagua toleo la watu wasio na haraka, lile linalotunzwa miaka mingi, si lile la kila kipya. Lakini ukiachiwa uamuzi, amua. Ninawajua vijana wa Linux hapa mjini ambao hawajaapdeti tangu wanunue mashine, na wanaita hali hiyo uthabiti. Wezi wa mtandao wanawapenda sana watu hao.

Kuikataa apdeti milele si usalama, wanangu. Ewoi hakuumizwa na apdeti. Nusura aumizwe na apdeti nyingi zilizokusanyika, zikaja zote pamoja siku isiyofaa.

Alinitembelea ofisini mwaka wangu wa mwisho kazini. Alikuwa amerudi barabarani, na shingo yake haikugeuka, kwa hiyo akitaka kukuangalia aligeuza mwili wote, kama mtu anayeegesha lori. "Ejok," akanisalimu mlangoni kwa Kiturkana. "Ejok nooi," nikamjibu, nikamvutia kiti.

Ilikuwa alasiri tulivu. Kwenye meza kulikuwa na kompyuta ya mapokezi, kaduara kanazunguka, namba inapanda taratibu. Ewoi aligeuza kiti na mwili, akaitazama.

"Hii nayo," akauliza, "ndani kuna mgonjwa?"

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Nimeangalia mara mbili. Ndiyo maana naifanya leo."

Akanyoosha miguu, akaegemea. "Basi niitishie chai," akasema. "Tuitazame mpaka imalize."